Skuli Asiyoingia Baba

Malaz, Riyadh
9 Oktoba 1976

Kwa dada yangu Saleha,

Natumai barua hii itakukuta umekaa na kahawa yako, na shemeji Muhsin amerudi salama kutoka bandarini. Anaileta Vuai, aliyekuja huku na lori la saruji. Mpe chai kabla hujaifungua, maana ukishaifungua utamsahau.

Mwanakhamis amejifungua mtoto wa kiume, na wote wawili wazima, alhamdulillahi. Sasa yuko ndani na arubaini yake, hatoki hata mlangoni.

Nije kwenye neno letu. Siku ya Idi ulinambia mbele ya watu kuwa Wahida utamwachia siku nitakapokuonyesha skuli ya serikali iliyo bora kuliko hiyo anayosoma Jeddah. Sikukujibu, kwa sababu una haki. Mama yake alipofariki kwenye uzazi ni wewe uliyempokea, na miaka yote minane umemlea wewe, mimi nikija na zawadi na kuondoka. Lakini ni mwanangu, Dada. Nina nyumba sasa, nina mke, na nimechoka kuwa mgeni wa binti yangu.

Basi nimekwenda kutazama. Unazijua skuli za wasichana za nchi hii, mwanamume haingii, hata awe ndiye baba mwenyewe. Mke wangu angeingia badala yangu, naye ndiyo hivyo amefungwa na uzazi. Nikaenda peke yangu baada ya alasiri, wasichana wakiwa wameshakwenda makwao, nisije nikaonekana mtu mzima anayekodolea macho watoto wa watu. Mzee mmoja wa dukani nilimuuliza skuli ya banati, ya wasichana, iko wapi, akanielekeza kwa kidevu mwisho wa mtaa.

Dada, nilisimama pale nikasahau kumeza mate. Jengo jeupe la ghorofa tatu, ngazi zake za marumaru, na kila dirisha lina mashine yake ya baridi. Lori lilikuwa linashusha madawati mapya, bado yamo ndani ya nailoni, na kila nikidhani yamekwisha yanatoka mengine. Unakumbuka skuli yetu Unguja, tulivyokuwa tukisukumana kwenye benchi moja mpaka wa mwisho anaanguka? Hapa vitabu vilikuwa vinapita mabegani mwa vibarua, boksi juu ya boksi, na mabasi yamepangwa uani, yana mapazia madirishani. Vyote hivyo bure. Mafuta yanatoka ardhini yanageuka madawati.

Niandikie na wewe ya huko, tulinganishe kwa haki.

Ndugu yako,
Mselem


Safa, Jeddah
20 Oktoba 1976

Mdogo wangu Mselem,

Hongera ya mtoto, Mungu amkuze, na Mwanakhamis mwambie asinyanyue vitu vizito. Vuai amekunywa chai na akala na mkate wa mofa, usiwe na wasiwasi naye.

Sasa nikuulize kitu, na usinune. Huyu baba aliyekumbuka ghafla kuwa ana binti wa miaka minane, amemkumbuka kabla ya kupata kichanga ndani au baada? Maana mimi nimeshaona nyumba nyingi ambazo binti wa mke wa kwanza anaitwa kuja kusoma, akifika anapewa mtoto ambebe. Wahida haendi Riyadh kuwa yaya wa mtu. Nimesema, na nitalisema tena ukitaka.

Umeniomba ya huku, basi sikiliza. Mimi nimeingia ndani, sikuchungulia ukuta. Skuli yetu ni mpya, rangi bado inanuka. Uani pana chemchemi ya maji, yanaruka juu na kurudi chini siku nzima bila ya mtu kuyateka, na mimi niliyepanga foleni ya mferejini nikiwa mdogo nilikaa pale kuyatazama mpaka bawabu akanikoholea. Daktari wa kike anakuja kuwatazama meno. Chakula wanapewa kwenye kijaluba, maziwa, jibini na tunda. Siku ya kwanza Wahida alirudi na ndizi yake mkononi hakuila. Kaniletea mimi.

Na hiyo saruji ya Vuai unajua inavyoshuka? Meli ni nyingi hazina pa kufunga, zimejaa nje mpaka bahari haionekani. Muhsin anasema nyengine zimengoja miezi. Sasa wameleta helikopta, zinanyanyua magunia ya saruji kutoka sitahani na kuja nayo nchi kavu angani. Nilipanda juu ya dari na Wahida tukaziona kwa macho yetu. Akaniuliza, "Shangazi, hizo ndizo skuli zinazokuja?" Nikamwambia ndiyo, hizo ndizo.

Darasa lao ni kubwa, kubwa kweli, limejaa watoto. Hayo ndiyo ya Jeddah. Marumaru zako sizitaki.

Dada yako,
Saleha


Malaz, Riyadh
29 Oktoba 1976

Dada Saleha,

Neno lako la yaya limenichoma, lakini umelisema kwa sababu unampenda, kwa hiyo nimelimeza. Nitakujibu moja tu. Nilimtaka Wahida tangu sina mke wala kitanda cha kumlaza, na kila nikifungua mdomo nilikuwa nikiyaona hayo mambo mawili niliyoyakosa, nikaufunga.

Nimerudi kwenye lile jengo mara nyingi, kila nikitoka kazini. Dada, kila siku kinaingia kitu kipya. Juzi vyerehani. Jana tufe la dunia, kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, mtu amelikumbatia kwa mikono miwili akipanda nalo ngazi. Nilijiona nimesimama barabarani natabasamu peke yangu. Mtoto wangu ataweka kidole kwenye tufe hilo na kuitafuta Unguja, na ataiona, hata kama ni nukta.

Tatizo ni kuwa madhali siingii, sijui walimu wakoje. Mara moja nilipita adhuhuri kwa bahati mbaya. Pembeni ya jengo pana nyumba ya kawaida yenye mlango wa buluu, na mbele yake wasichana wametanda na maabaya yao. Nadhani pana mwalimu wa Msahafu anayesomesha nyumbani. Niliinamisha kichwa, nikavuka barabara, na tangu siku hiyo huo upande siutazami kabisa. Adabu ni adabu.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Njoo wewe, uingie kwa niaba yangu. Mwanakhamis bado hatoki, na mwanamke mwengine wa kumwamini huku sina. Ingia, utazame, utoke uniambie. Ukisema ni nzuri, nipe mwanangu. Ukisema ni mbaya, nitalikubali neno lako bila ya kuuliza, na Wahida sitamtaja tena mpaka awe mkubwa achague mwenyewe.

Sina macho mengine ila yako.

Mselem


Safa, Jeddah
7 Novemba 1976

Mselem,

Muhsin amepata ruhusa kazini. Tunakuja kwa ndege wiki ijayo, na Wahida nakuja naye, nimemwombea siku chache skuli.

Neno ulilolisema nimelishika. Nikisema mbaya, halas, yamekwisha, usinirudie.

Mwambie Mwanakhamis nisipikiwe makubwa. Niko na binti yangu, nakuja kutazama skuli.

Saleha


Safa, Jeddah
21 Novemba 1976

Mdogo wangu Mselem,

Nilipotoka pale ulikuwa umesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, kama mtu anayengoja hukumu. Nikakwambia nitakuandikia, basi. Ukanyamaza njia nzima mpaka uwanja wa ndege, na mimi nikanyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo mbele ya Muhsin na mtoto ningeharibika. Sasa nimetulia kidogo. Kaa chini usome.

Kwanza nikucheke, maana usiponipa nafasi ya kukucheka nitalia. Uliniona nikipanda zile ngazi zako za marumaru na Wahida mkononi, kisha nikateremka, nikaenda kuingia mlango wa buluu. Hukuuliza. Basi jua leo, ndugu yangu, umenisifia ghala. Lile jengo jeupe ni stoo. Humo yanawekwa madawati na vitabu na vyerehani vya skuli za wasichana za mji mzima, na mabasi yanalala uani. Hakuna mtoto hata mmoja anayesoma humo. Skuli ni ile nyumba ya kawaida uliyokuwa ukiiinamishia kichwa. Katika mtaa wote ule, pahala pamoja tu hukupatazama, na hapo ndipo penyewe. Muhsin nimemsimulia jana, mpaka leo akikumbuka anaweka kikombe chini.

Sasa ya ndani. Ni nyumba ya kukodi. Jiko limegeuzwa darasa, na beseni la kuoshea vyombo bado lipo ukutani. Bafu lina tangi la kuogea limejaa chaki na ramani. Madawati hakuna. Yamo upande wa pili wa ukuta, yanangoja karatasi fulani itiwe saini, na watoto wamekaa kwenye zulia. Nilitazama nikasema moyoni, Saleha, umeshinda. Nilishapanga na maneno.

Akaja mudira, ndiye mwalimu mkuu wao, mwanamke mfupi wa Sham anaitwa Abla Nawal, vumbi la chaki limemfika viwikoni. Hakunitazama mimi. Alipiga magoti mbele ya Wahida akamuuliza jina lake. Unajua mtoto wako, kwa wageni meno yake hayaonekani. Akanyamaza. Abla akangoja. Mselem, sijapata kumwona mtu mzima akimngoja mtoto vile. Watoto wanapita, kengele inalia, mtu anamwita huku na huku, yeye amepiga magoti anangoja. Mpaka Wahida akalisema jina lake.

Nikuambie na ya huku sasa. Skuli yetu ina chemchemi na daktari wa meno, lakini darasani kwa Wahida wamejaa mpaka mlangoni, na tangu ifunguliwe hakuna aliyemngoja ajibu. Nilikwenda kumuulizia, mwalimu wake akaniuliza ni yupi.

Abla akampa chaki, akamwambia andika chochote unachokitaka wewe. Nilidhani ataandika bismillahi, au jina la baba yake. Akageukia ubao akaandika mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu, mzuri, akautia na irabu zote kama Msahafu. Abla akausoma. Akausoma kwa sauti, polepole, kwa sababu hakuyafahamu maneno hata moja na alitaka ayafahamu. Na mimi nimesimama pale na buibui langu, kinywa cha mwanamke wa Sham kikatamka, wazi kabisa:

"Nataka kukaa kwa baba, lakini shangazi atalia."

Watoto wakacheka, Abla akawanyamazisha kwa kidole, akausoma tena tangu mwanzo akidhani amekosea yeye. Akanigeukia, akaniuliza ni lugha gani hii na imesema nini.

Hakuna aliyemfundisha, Mselem. Ninaapa. Kiarabu anakisoma skuli, Kiswahili anakisikia kwangu jikoni, na yeye peke yake ameviunganisha. Unamkumbuka bibi yetu wa Mkunazini, barua zake zote alivyokuwa akiziandika kwa herufi za Msahafu? Sisi tukapelekwa skuli, tukafundishwa herufi nyengine, na zile barua zake, zisizo na irabu, zikabaki sandukuni hakuna wa kuzisoma. Bibi alikufa Wahida hajazaliwa. Nimeuona mkono wake ubaoni Riyadh.

Kisha nikatoka nje. Ulikuwa unanitazama. Ningeweza kukuambia jiko, beseni, zulia, na kila neno lingekuwa kweli, na leo Wahida angekuwa wangu mpaka aolewe. Ulishasema hutouliza. Nililifikiria hilo tangu mlangoni mpaka kwenye gari.

Basi sikia neno langu. Skuli yako haina hata dawati, na ni bora kuliko yetu. Ni bora sana. Na lile la yaya nalirudisha, nilikuona nyumbani ukiandika kazi zako na kamba ya susu ya mtoto umeifunga kwenye kidole cha mguu, mtoto analala, mama yake analala. Nilicheka nikajifanya nakohoa.

Usije mbio kumchukua. Nipe muda.

Saleha


Malaz, Riyadh
29 Novemba 1976

Dada yangu,

Ya ghala nimeyacheka mpaka Mwanakhamis akatoka chumbani na mtoto kuuliza kuna nini. Nilipofika chini ya ukurasa sikucheka tena. Nilimsomea na yeye.

Nimejaribu kuuandika ule mstari kwa herufi zile. Kuisoma Qurani naisoma tangu utoto, lakini kuandika neno langu mwenyewe hivyo sijawahi, nikawa nafuta na kurudia kama mtoto wa chuoni. Nilipomaliza niliusoma kwa sauti na ukasema. Niliona ajabu ya marumaru, niliona ajabu ya tufe, na kumbe mwanangu ndiye aliyekuwa ajabu yenyewe, nami simjui.

Nimefikiri sana. Mwache abaki kwako. Mtoto aliyeibeba huzuni yako peke yake, hakumwambia mtu, akaja kuiweka ubaoni mbele ya wageni, mimi siwezi kumtoa mikononi mwako. Skuli tutaitafuta nyengine huko Jeddah. Neno nililokupa nimelivunja mwenyewe, usione vibaya.

Idi njema kwenu nyote.

Mselem


Safa, Jeddah
7 Desemba 1976

Mselem,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta pahala penye akili, sikupaona. Mtoto ameandika mambo mawili, wewe umelisoma moja. La mwanzo ni kuwa anataka kukaa kwa baba yake.

Riyadh kuna baridi mwezi huu. Nimemnunulia koti la sufu na soksi za kutosha. Muhsin anamleta Ijumaa. Mayai hali, usimlazimishe. Nywele zake zinasukwa Alhamisi, Mwanakhamis asivute sana kisogoni.

Saleha


Malaz, Riyadh
20 Desemba 1976

Dada Saleha,

Jumamosi alianza. Wakati wa kutoka nilikuwa pale mapema, safari hii sikuinamisha kichwa, nilisimama mbele ya mlango wa buluu pamoja na baba za watu na madereva. Mzee bawabu ana kipaza sauti cha mkononi. Kila gari au mtu akifika, anauliza jina, analiita kuelekea ndani, na binti mwenye jina hilo anatoka. Jina la mtoto haliiti, ni la baba tu.

Akaniuliza, nikamwambia. Akageuka akaita, "Mselem! Mselem!" Sauti ikaingia juu ya ukuta nisioweza kuuvuka. Miaka yote niliyokaa mji huu jina langu nimeliona kwenye ikama, kibali changu cha kuishi huku, na kwenye bahasha ya mshahara. Sikuwahi kulisikia likiitwa kwa ajili ya mtu. Na mlango ukafunguka, akatoka Wahida na koti lako la sufu, akatazama watu wote mpaka akaniona. Nikambebea mkoba.

Karatasi iliyomo humu ni yake. Ameifunga mwenyewe na amenikataza kuisoma. Sijaisoma.

Mselem

[Karatasi ya ndani, kwa herufi za Kiarabu]

Shangazi. Darasa langu lina beseni. Madawati yamekuja, Abla ametuachia tuivue nailoni wenyewe. Kaniuliza, nimejibu. Baba anakuja mapema kuliko madereva wote. Mtoto ni mdogo sana, hawezi kitu. Umelia?
Wahida


Safa, Jeddah
2 Januari 1977

Wahida mwanangu,

Barua hii naiandika kwa herufi zako. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu, na imenichukua asubuhi nzima, Muhsin amekula mkate mkavu. Palipopinda pasamehe, nimeanza kujifunza ukubwani, na mwalimu wangu yuko mbali.

Karatasi yako niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama ulivyokuwa ukisoma wewe ulipoanza. Nilipofika mwisho nikaona umeniuliza, na ukaacha nafasi tupu chini, pana, ya mtu kujibu. Hiyo nafasi nimeijua umejifunza kwa nani.

Nimelia. Siku uliyoondoka nililia, na siku ya pili nilipoona ndizi sokoni. Umekaa na jambo hilo moyoni muda mrefu, sasa liweke chini, limeshapita na mimi ni mzima. Shangazi analia kisha anapika.

Sasa niambie, nyinyi mko wangapi kwenye hilo beseni? Tufe la dunia limeletwa darasani au bado limo ghalani? Likija, itafute Unguja, uweke kidole, kisha ukivute mpaka Jeddah uone ni mbali kiasi gani. Uniandikie.

Nami nangoja.

Shangazi yako,
Saleha